“Joto la chumba”: chumba cha nani?

Ukinunua mvinyo mwekundu, utaambiwa uunywe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huu tunarithishana kana kwamba ni sheria ya fizikia. Hebu tuuhoji kidogo: chumba cha nani?

Kanuni hii ilizaliwa Ulaya, enzi ambazo nyumba hazikuwa na mitambo ya kupasha joto kama ya leo. Chumba cha kule kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili inagonga nyuzi 30. Maneno ni yaleyale, kinywaji si kilekile.

Joto likipanda, kilevi huvukiza haraka zaidi. Kwa hiyo pua yako inapokea ukali wa spiriti kwanza, na harufu ya matunda inafunikwa. Halafu unasema mvinyo wa Dodoma ni mkali, kumbe umeuhukumu ukiwa na homa!

Ila usiuache ukawa baridi kama soda. Harufu zitafifia, na tanini, zile kemikali zinazokausha ulimi, zitasikika zaidi.

Fanya hivi: zamisha chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu, dakika kumi hivi. Barafu tupu haitoshi, maana inagusa chupa sehemu chache tu. Maji yanaizunguka yote na kunyonya joto haraka kuliko hewa ya friji.

Wanaoandika lebo nao waache kutaja chumba. Waandike namba, basi.