Zimwi Lisilouawa: Uhakiki wa Kitabu cha Picha

Wahenga walisema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Methali hii yaweza kuwa mlango wa kuingilia katika "Where the Wild Things Are", kitabu cha picha cha Maurice Sendak kilichochapishwa Marekani mwaka 1963 na kutunukiwa Nishani ya Caldecott mwaka 1964.

Hadithi ni fupi. Max, aliyevaa vazi la mbwa mwitu, anafanya utundu. Mama anamwita zimwi, naye anatishia kumla mama. Anapelekwa kulala bila chakula. Chumba kinageuka msitu, naye anasafiri kwa mashua hadi nchi ya mazimwi. Anayakazia macho pasipo kupepesa, nayo yanamwogopa na kumtawaza. Mwishowe upweke unamshika, anarudi nyumbani na kukuta chakula chake kingali moto.

Kwa upande wa fani, uzito umo katika picha. Mwanzoni ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri safari inavyoendelea zinapanuka, hata kufikia ngoma ya mazimwi: mara tatu mfululizo picha inajaza kurasa mbili nzima bila neno lolote. Kisha zinapungua, na ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa. Hivyo hata mtoto asiyejua kusoma huona kwa macho kwamba hofu hukua, hufurika, kisha hupwa.

Kwa upande wa maudhui, aghalabu katika ngano zetu zimwi huuawa au hushindwa kwa hila. Max haui. Mazimwi yanapomsihi asiondoke, yanatishia kumla kwa sababu yanampenda. Ni tishio lilelile alilompa mama yake. Ndipo tunapong'amua kwamba mazimwi hayo ni hasira yake mwenyewe. Hasira haiuawi; hutazamwa usoni, hutawaliwa, kisha huachwa.

Mwaka 1969 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alikilaumu kitabu hiki kwa habari ya mtoto kunyimwa chakula, ilhali hakuwa amekisoma. Angalikisoma, angalikuta jibu katika kile chakula cha moto. Upungufu ninaouona mimi ni mwingine. Mama haonekani katika picha hata moja, na Max analala peke yake. Watoto wengi tunaowafundisha hulala pamoja na ndugu zao. Upweke wa chumba kile hauna budi kuelezwa kwao kabla ya kusoma.

Jambo moja latuhusu sisi walimu. Mara ngapi tumelitumia zimwi kuwanyamazisha watoto? Na mara ngapi, hadithi ikiisha tu, tumeuliza, "Inatufunza nini?" Kitabu hiki hakimwambii mtoto asiogope, wala hakimhubirii. Basi tukisome polepole, tuzifikie zile kurasa zisizo na maneno, nasi tunyamaze. Mtoto ataanza kusema mwenyewe, na yamkini atatutajia zimwi lake.