Wimbo wa Pasaka Mbele ya Jeneza

Ni Walutheri wachache nchini wasioujua wimbo "Mfurahini, Haleluya". Mchungaji Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kwa sauti ya asili ya Wahaya. Tangu hapo umesafiri mbali. Howard Olson, mmisionari aliyefundisha Makumira, aliutafsiri kwa Kiingereza, na Wajerumani nao wanao katika kitabu chao cha nyimbo. Lakini huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Vwawa, mara nyingi tunauimba siku ya Pasaka, kisha tunaufunga pamoja na kitabu. Msibani hausikiki. Tunaona hiyo ni hasara, maana wimbo huu unawafaa hasa watu wanaoogopa kifo.

Tuangalie ulivyojengwa. Mwandishi anafuata habari ya Mathayo 28. Anataja siku tatu za kaburini, wala hafichi kwamba Yeye atoaye uzima alikufa kweli. Kisha malaika anawaambia wanawake waache hofu, anawaonyesha mahali palipo patupu na sanda zilizobaki, halafu wanatumwa kupeleka habari. Hapo ndipo penye nguvu ya wimbo. Hauwaambii waliofiwa kwamba kifo ni jambo dogo. Unawapeleka kaburini wakajionee wenyewe. Martin Luther naye, katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya kujiandaa kufa, alishauri kwamba tusikitazame kifo peke yake, bali tukitazame ndani ya Kristo aliyekishinda.

Hata hivyo wimbo una upungufu wake. Unafika haraka kwenye furaha, wala hauna ubeti unaolia. Kwa mama aliyemzika mtoto jana, mwito wa kufurahi unaweza kusikika kama karipio. Bwana mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro kabla ya kumwita atoke (Yohana 11). Tena wimbo unasema zaidi juu ya kaburi la Kristo kuliko makaburi yetu. Kiungo tunakipata kwa Paulo katika 1 Wakorintho 15: Kristo ni limbuko, na mavuno yanafuata. Kazi hiyo ni ya mhubiri. Asiuachie wimbo ufanye yote.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu katika mkoa wetu hofu ya kifo haiishii moyoni. Tunduma ni mji wa mpakani. Dereva wa lori anaweza kufia kwenye foleni ya kuelekea Nakonde, mbali na ndugu zake. Vijijini, kifo cha ghafla huzaa swali moja: nani kamroga? Ndipo huitwa wapiga ramli, wale wanaojulikana kama lambalamba, na kidole huelekezwa kwa bibi kizee asiye na mtetezi. Waebrania 2:14–15 inaiita hofu ya mauti utumwa, na sisi tumeona jinsi mtumwa huyo anavyomfunga jirani yake. Mtu anayeamini kwamba adui ameshindwa hana haja ya kumtafuta adui nyumba ya pili.

Basi tunashauri hivi. Watu walie kwanza, wala asiwepo wa kuwaharakisha. Neno lihubiriwe. Kisha kaburi likishafukiwa, kwaya iuinue wimbo wa Kyamanywa papo hapo, mbele ya udongo mbichi, mahali ambapo maneno yake ni magumu kuamini kuliko kanisani. Wako watakaosema kwamba furaha hiyo haifai makaburini. Tunawajibu kwamba habari hii ilitangazwa makaburini kwanza, kwa wanawake waliokuwa wakitetemeka.

Lakini tukiuimba mchana, na jioni tukachangishana fedha za mpiga ramli, tutakuwa tumeukana wimbo wetu wenyewe. Tuuimbe, kisha tukamtembelee yule bibi anayenyooshewa kidole, tuketi naye.