Nguo, Hiba na Lakabu: Majazi ya Watawala katika Tarihi ya Kilwa

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, majazi hufafanuliwa kuwa ni mbinu ya mtunzi kumpa mhusika jina linaloafiki tabia, wadhifa au hatima yake. Ufafanuzi huo unatosha kwa riwaya na tamthilia, ambamo mtu mmoja hubuni jina na ndiye abuniye tabia. Hautoshi tunapohamia kwenye tarihi. Mwandishi wa tarihi hulipokea jina likiwa limekwisha kutembea vinywani mwa watu, pengine kwa karne kadhaa, na kazi inayombakia ni kulitafutia kisa. Hapo jina hulizaa tukio. Makala hii inazisoma lakabu za watawala wawili wa Kilwa kwa mtazamo huo, na inapinga mazoea ya kukichukua kisa cha jina kuwa ushahidi wa kihistoria kabla ya kukisoma kama fasihi.

Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni matini ya Kiarabu, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo tunayo katika nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 na kuchapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Matini zote mbili zinamtaja Ali kuwa mtawala wa kwanza aliyetoka Shirazi, na zote zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Matini ya Kiarabu inaongeza lakabu, ambayo wataalamu wameisoma kuwa ni maneno ya Kiswahili: Nguo Nyingi.

Tusimame kidogo kwenye maneno hayo mawili. Jina rasmi la mtawala limejengwa kwa utaratibu wa Kiarabu: Ali, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Lakabu yake imejengwa kwa Kiswahili, kwa nomino na kivumishi vyenye upatanisho wa ngeli. Yaani ukoo unatajwa kwa lugha ya maandishi, na sifa kwa lugha ya waliomwona. Mhakiki angependa kuishia hapo na kufurahi kwamba amepata kirai cha Kiswahili cha kale. Lakini hati za Kiarabu hazikuundwa kubeba irabu zetu, na nakala tuliyo nayo iko mbali na matini asilia kwa zaidi ya miaka 300. Umbo tunalolisoma leo huenda lina mkono wa mnakili wa Unguja ndani yake. Kwa hiyo lakabu hii ni ushahidi wa matumizi ya Kiswahili katika mapokeo ya tarihi. Haitoshi kuwa ushahidi wa Kiswahili cha siku za Ali mwenyewe.

Kisa chenyewe ni mashuhuri. Mwenyeji wa kisiwa anakubali kuondoka endapo mgeni atakizungushia kisiwa chote nguo za rangi. Mgeni anatimiza sharti, mwenyeji anahamia bara, kisha anataka kurudi na kumwua mnunuzi. Wageni wanachimba mkondo ili maji yasikauke tena kati ya kisiwa na bara. Wanahistoria wengi wamekiona hapa kielelezo cha biashara ya nguo kati ya wageni na wenyeji, na sioni sababu ya kukana kwamba biashara hiyo ilikuwapo. Lakini ardhi inayopimwa kwa kuzungushiwa kitu ni motifu inayojulikana mbali na pwani yetu: Dido naye anasimuliwa kuwa alipata mahali pa kujenga Carthage kwa kuipasua ngozi ya ng'ombe kuwa ukanda mrefu na kuuzungushia ardhi. Tofauti iliyopo ndiyo yenye maana. Kwa Dido, kipimo ni hila ya mnunuzi. Kwa Kilwa, kipimo ni sharti la muuzaji, na hila inamrudia kwa mkondo uliochimbwa. Msimulizi anataka tuone kwamba bei ililipwa yote, tena hadharani, na kwamba aliyevunja ahadi ni mwenyeji. Hilo ni dai la kisheria juu ya uhalali wa utawala, na lakabu ndiyo hati yake: kila anayemtaja mtawala kwa jina la Nguo Nyingi anashuhudia kwamba malipo yalifanyika.

Ukiliondoa jina kwenye kisa chake, hata hivyo, hutalazimika kulisikia kama stakabadhi. Nguo nyingi ni maneno yanayoweza kusemwa kwa mshangao, kwa wivu, au kwa dhihaka juu ya mgeni aliyejifunika kupita kiasi katika nchi ya joto. Kwamba tarihi imechagua maana moja tu haituambii waliomwita hivyo mwanzo walikusudia nini.

Watawala wenyewe walijitaja namna nyingine. Sarafu za Kilwa zina jina la mtawala upande mmoja na, upande wa pili, tamko la kumtegemea Mungu lililotungwa ili liwe na kina kimoja na jina hilo. Ni shairi dogo la mishororo miwili, na jina ndilo linaloamua kina. Katika hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilimokuwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, limo jina la Ali bin al-Hasan, ambaye watafiti wengi humchukulia kuwa ndiye Ali wa tarihi, ingawa tarihi yenyewe humwita mwana wa al-Husain. Jina la baba limepotoka njiani; lakabu imebaki na kisa chake.

Mtawala wa pili ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Lakabu yake ilikuwa Abu al-Mawahib, na msafiri anaeleza kuwa ilitokana na wingi wa vipawa vyake. Mzizi wake ndio uliotupatia neno hiba, na ndio uliomo katika al-Wahhab, mojawapo ya majina ya Mungu. Mswahili husema mpaji ni Mungu, na sarafu zinasema jambo la jirani na hilo. Lakabu inauleta upaji kwa mwanadamu.

Ibn Battuta anathibitisha sifa hiyo kwa kisa kimoja, na kisa hicho, tena, ni cha nguo. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen anamwita sultani kwa lakabu yake na kumwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani anaingia nyumbani kwa khatibu, anazivua na kumpa. Mwanawe anazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani anaposikia jinsi watu wanavyomsifu mwanawe, anaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe.

Angalia jina linavyofanya kazi. Fakiri halitumii kupamba salamu. Analitumia kama dai. Aliyeitwa Baba wa Hiba mbele ya waumini hana njia ya kukataa bila kulipoteza jina. Na tabia inayodhaniwa kuzaa lakabu hapa inazaliwa nayo: sultani anatoa kwa sababu ameitwa mtoaji, kisha anaongeza kwa sababu sifa imeanza kuhamia kwa mwingine. Baadaye tarihi inaiita nasaba yote kwa lakabu hiyo, akiwamo babu yake, al-Hasan bin Talut, aliyetawala kabla yake. Majazi yamerudi nyuma vizazi viwili.

Ibn Battuta anataja pia, bila kusita, chanzo cha utajiri huo: sultani alikuwa akizivamia nchi za Wazanji na kuchukua ngawira, akitenga khumsi kwa matumizi yaliyowekwa na sheria. Watu 20 waliotolewa kwa fakiri nao ni hiba, na matini haiwapi hata jina moja. Kama waliovamiwa walikuwa na lakabu yao kwa al-Hasan bin Sulaiman, haikupata mwandishi.

Karne tano baadaye tunakutana na lakabu iliyotoka upande huo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Wapo waliosema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenyewe alishikilia kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa aliowapiga. Jina ni lao, lakini maelezo ni yake, naye aliyasimulia kwa Kiswahili fasaha, yakachapishwa. Tunapohariri tawasifu yake, au tarihi ya Kilwa, ingefaa lakabu ichapwe kwanza kama ilivyo katika hati, pamoja na mashaka ya usomaji wake, na kisa chake kiwekwe kando yake kama usomaji mmojawapo, wenye mwandishi na wenye masilahi.