Neno Linalopanda Kutoka Tawini

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi halipwi mshahara kwa kazi ya chama. Asubuhi anafundisha hisabati darasa la sita, au anachoma sindano zahanati, au anatunza masjala ya halmashauri. Mambo ya chama anayashughulikia saa ya chai na jioni, kwa vocha yake ya simu na mara nyingi kwa nauli yake. Namsifu mtu huyu kwa sababu ufundi wake hauna cheti. Anayapokea manung'uniko ya chumba cha walimu, anayageuza kuwa dai moja linaloeleweka, kisha anahakikisha dai hilo linamfikia mwenye mamlaka ya kuamua likiwa na uzito uleule liliotoka nao.

Kwa Tanzania sijui mfano ulio wazi kuliko kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Ukazaliwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kilichowasha moto ni kanuni zilizofuata sheria hiyo. Malipo ya mkupuo, yale anayopewa mstaafu anapoaga kazi, yangekuwa asilimia 25 ya mafao, ilhali watumishi waliokuwa PSPF na LAPF walikuwa wamepanga maisha yao kwa asilimia 50. Mtu aliyekuwa na kiwanja na matofali, akisubiri mkupuo apandishe nyumba, aliona ukuta unasimama usawa wa dirisha. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, akizungumza na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023.

Wengi hukumbuka tangazo lile. Mimi navutiwa na kazi inayotakiwa ifanyike kabla siku kama ile haijawezekana, kazi ambayo haipigwi picha. Inaanza na karatasi na kalamu.

Chukua mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, sawa na miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF unazidisha miezi 360 kwa mshahara wa mwaka, milioni 12, unagawa kwa 540, unapata pensheni ya mwaka ya shilingi 8,000,000. Zidisha kwa 15.5, chukua nusu: mkupuo ni 62,000,000, na pensheni ya kila mwezi ni kama 333,000. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, kabla mkupuo haujapandishwa 2024, kigawanyo kilikuwa 580, kizidisho 12.5 na mkupuo asilimia 33. Mwalimu yuleyule angepata mkupuo wa shilingi 30,700,000 na ushei, na pensheni ya mwezi ya kama 416,000.

Hapo ndipo unapomjua fundi. Asiyejua kazi atasimama mkutanoni apige kelele kwamba walimu wameibiwa nusu ya fedha zao, na mbunge mwenye msaidizi mzuri atamjibu kwa sentensi moja: pensheni ya mwezi imepanda. Ni kweli imepanda. Katibu anayejua kazi yake hulitaja jambo hilo yeye mwenyewe kabla hajaulizwa, kisha huendelea na hesabu. Ongezeko lilikuwa kama shilingi 82,500 kwa mwezi. Pungufu la mkupuo lilikuwa zaidi ya shilingi milioni 31. Gawanya. Mstaafu wa miaka 60 angehitaji zaidi ya miaka 31 ya kupokea nyongeza ile ndipo afidie kilichopungua, yaani afikishe miaka 91. Mbunge akishaiona hesabu hiyo imeandikwa kwa mkono wa mpiga kura wake, mazungumzo yanabadilika. Hawezi tena kusema hamkuelewa.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ufundi huu: kila mwanachama aweze kuifanya hesabu mwenyewe. Haitoshi katibu mkuu wa taifa awe na takwimu. Tawi likiwa na watu kumi na wanane na wote wanaweza kukokotoa, kuna watetezi kumi na wanane, kila mmoja akiwa na shemeji, jirani, mwanakwaya mwenzake na diwani anayemfahamu kwa jina la nyumbani. Likiwa na mmoja anayejua na kumi na saba wanaompigia makofi, kuna mtetezi mmoja tu, na siku akihamishwa kituo dai linahama naye. Ndiyo maana katibu hodari hagawi vipeperushi vingi. Anakaa na Mama fulani wa darasa la awali, aliyebakiza miaka miwili astaafu, anamwambia, "Mama, leta salari slipu yako tuone," na hesabu inafanywa kwa mshahara wa Mama huyo, si wa mtu wa mfano. Jioni hiyo Mama anaifanya tena mbele ya mumewe. Kesho yake anawafundisha wenzake wawili.

Sheria yenyewe imelipa tawi nafasi ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa wawakilishi kulingana na idadi ya wanachama mahali pa kazi: mmoja wakiwa hawazidi tisa, watatu wakiwa kumi hadi ishirini, kumi wakiwa 21 hadi 100, na kumi na watano wakizidi mia, ambapo angalau watano wawawakilishe wanawake. Shule ya msingi yenye wanachama kumi na wanane ina haki ya wawakilishi watatu. Mara ngapi unakuta mmoja tu, naye aliteuliwa kwa kuwa siku ya uchaguzi hakuwepo kujitetea? Tatu ni idadi nzuri. Mmoja anatunza orodha ya wanachama na simu zao, mwingine anafuatilia nyaraka na kanuni, wa tatu ni yule ambaye kila mtu hupenda kuzungumza naye. Ukimkosa huyo wa tatu, wawili wa kwanza watabaki na mafaili.

Kuna ujuzi mwingine unaohitaji kichwa kilichotulia: kujua uamuzi unakaa wapi. Sheria hutungwa na Bunge, kanuni hutungwa na waziri. Asilimia ya mkupuo ilikuwa ndani ya kanuni. Tawi lililomlaumu mbunge kwa kuipigia kura asilimia 25 lilimlaumu kwa kura ambayo hakupiga, naye akapata njia ya kutokea. Tawi lililomwendea likasema, "Mheshimiwa, tunakuomba umuulize waziri swali hili bungeni, na haya hapa maelezo," lilimpa kazi anayoiweza na ambayo angejivunia kuifanya. Mwenye madaraka hupenda kuombwa jambo lililo ndani ya uwezo wake. Mpe ombi lisilo na mipaka, atakujibu kwa ahadi isiyo na mipaka.

Kalenda nayo. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na kamati hukaa kabla ya hapo. Dai linalofika ofisi ya mbunge Juni, hotuba ya bajeti ikiwa imeshasomwa, limechelewa hata kama ni la haki. Kwa hiyo matawi yanatakiwa yawe yamekutana Januari na Februari, wilaya ikiwa imeyapanga madai kwa majimbo, si kwa shule tu. Hapa matawi mengi hukosea. Muundo wa chama hufuata wilaya na mkoa, lakini mbunge huhesabu jimbo na kata. Katibu wa wilaya mwenye majimbo mawili anahitaji orodha mbili: shule zipi, vituo vya afya vipi, wanachama wangapi, na nani kati yao anaheshimika katika kata gani. Orodha hiyo ikishirikishwa na wenzetu wa TUGHE, chama cha watumishi wa serikali na afya, na TALGWU, cha watumishi wa serikali za mitaa, walimu hawaingii tena kama walimu peke yao. Wanaingia na muuguzi na mtendaji wa kijiji, na kikokotoo ni chao wote.

Na chama cha siasa cha mbunge kisiulizwe. Tawi lina wanachama wa vyama vyote na wasio na chama, na ombi likishanuka kampeni linawagawa wanachama wenyewe kabla ya kumfikia mlengwa.

Historia yetu inaonyesha kinachotokea njia ya kupanda ikizibwa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na matawi yake yalikuwa nguzo ya harakati za uhuru. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa huyohuyo Waziri wa Kazi. Mtu aliyepaswa kupeleka dai na mtu aliyepaswa kulipokea wakawa mmoja. Zilikuwepo sababu za wakati ule na sizipuuzi, lakini tawi lilibaki la kupokea maelekezo. Hata hivyo watu wa chini hawakusahau. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokataza viongozi kuwa na kiburi na ubwana, wafanyakazi viwandani waliusoma kwa makini kuliko mameneja wao, wakautumia kama hati ya madai yao. Mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walifika hatua ya kukishika kiwanda wenyewe. Ufundi wa tawi haufi kwa amri. Hujificha, na hutokea pale maandishi fulani yanapoupa pa kushika.

Kilichotokea 2022 nakiona kama funzo la namna nyingine. Asilimia 33 ilipatikana kwa mazungumzo ya serikali, waajiri na viongozi wa wafanyakazi. Meza kama hiyo ni haki, na hoja ya uhai wa mifuko si ya kubeza, kwa sababu mfuko ukifilisika hata hiyo asilimia 25 haipo. Lakini matawini wengi waliisikia asilimia 33 kama habari, wakaipokea kwa hasira, na hasira ile ilielekezwa kwa viongozi wao wenyewe. Mjumbe anayekwenda mezani bila kurudi kwanza tawini kuuliza, "Tukifika hapa, mtakubali?" anarudi na makubaliano yasiyo na watu nyuma yake. Manung'uniko hayakuisha. Kwenye bajeti ya Juni 2024 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa 50 zamani, na hadi 35 kwa lile lililokuwa likilipwa 25. Kila asilimia katika hizo ilitokana na watu waliokataa kunyamaza baada ya kuambiwa jambo limekwisha.

Mrejesho, basi, ni nusu ya kazi. Kila mwaka Mei Mosi tunasikia risala ikisomwa mbele ya Rais, na wakati mwingine jibu hutoka palepale. Mwaka 2021 kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu. Uwanja ulishangilia. Kazi ya tawi ilianza Jumatatu: kuangalia kama makato ya wanachama yamebadilika kweli, kuandika majina ya wale ambao deni lao bado linasoma vilevile, na kuyapeleka wilayani kabla watu hawajachoka kuuliza. Katibu anayerudi kusema, "Tulichoomba ni hiki, tulichopata ni hiki, kilichobaki ni hiki," anajenga imani ambayo hotuba haiwezi kuijenga. Hata akirudi na jibu la hapana, arudi. Wanachama husamehe kushindwa. Wanachoshindwa kukisamehe ni kuchangia asilimia 2 ya mshahara kila mwezi bila kuambiwa chochote.

Ugumu mkubwa wa sasa uko kwa vijana. Mwalimu wa miaka 25 anayeripoti kituoni leo atastaafu kwa lazima baada ya miaka 35, na kwake kikokotoo ni shida ya wazee. Ukimfuata na 1/580 atakusikiliza kwa adabu, kisha atarudi kwenye simu yake. Anza na kinachomuuma. Fungua salari slipu yake: Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, bima ya afya 3, chama 2, PSSSF 5. Zungumzeni mkopo kwanza, mpaka amalize yote aliyonayo moyoni. Halafu mwonyeshe ule mstari wa 5, mwambie kwamba mwajiri anaongeza 15 juu yake kila mwezi, fedha yake asiyoiona, na kwamba kanuni za kuigawa zimebadilika mara kadhaa tangu yeye akiwa sekondari na zitabadilika tena kabla hajafika 60. Mwache akokotoe mwenyewe kwa mshahara anaoutarajia. Akishaielewa hesabu, mpe orodha ya shule tatu za kata ya jirani ambazo hazijafikiwa na mtu yeyote wa chama tangu uchaguzi uliopita, umwombe aanze na ile iliyo mbali zaidi na barabara.