Nyumba Yauzwa, Magogoni: Kuyasoma Upya Matangazo Madogo ya Magazeti

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kiada, tangazo hufundishwa kama utungo wa kiuamilifu wenye sura maalumu: kichwa, ujumbe, mahali, tarehe na anwani. Mwanafunzi huambiwa kwamba lugha yake ni sahili, ya moja kwa moja na isiyo na mafumbo. Akishakariri hayo, huvuna alama zake kisha akayasahau. Makala haya yanapinga sehemu moja ya mafunzo hayo. Tunadai kwamba tangazo dogo la gazeti, lile la mistari miwili au mitatu lililolipiwa kwa neno au kwa mstari, ni utungo wenye mafumbo, na kwamba fumbo lake kuu limo katika yale lililoyanyamazia.

Mfano wetu mkuu ni tangazo la kuuza nyumba Magogoni, wadi mojawapo ya Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Tumepachagua mahali hapo kwa makusudi. Huko, neno moja lililoachwa nje ya tangazo laweza kumtia mnunuzi hasarani, au kumwacha mkaazi bila makao. Mwalimu afahamu kwamba mifano yote ya matangazo iliyomo humu imeundwa kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata kigezo kilichozoeleka magazetini.

Kutoka mbiu hadi gazeti

Gazeti halikuuleta utangazaji pwani. Mji wa Waswahili ulikuwa na mbiu, na methali inatukumbusha kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilikuwa na sifa tunazozifundisha tunapoeleza fasihi simulizi. Ilimfikia ajuaye kusoma na asiyejua. Mpiga mbiu alionekana kwa macho na kujulikana kwa jina. Msikilizaji aliyetatizwa aliweza kumuuliza papo hapo: ni nyumba ipi hiyo, na ni ya nani?

Gazeti lilibadilisha mambo haya yote. Mnamo mwaka wa 1902, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha African Standard mjini Mombasa. Gazeti hilo likaja kuitwa East African Standard na makao yake yakahamia Nairobi mwaka wa 1910. Mombasa ikawa na gazeti jingine, Mombasa Times. Haya yalikuwa magazeti ya Kiingereza. Magazeti na majarida ya Kiswahili yalifuata njia yake: Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka wa 1923, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Al-Islah mjini Mombasa mwaka wa 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, Baraza lilianza Nairobi mwaka wa 1939, na Taifa Leo likaanza kutoka kila siku mwaka wa 1960.

Tofauti iliyopo hapa ni ya kimsingi. Mbiu humfuata msikilizaji aliko. Gazeti humsubiri msomaji, tena msomaji mwenye senti za kulinunua na anayeijua lugha yake. Tangazo la mali iliyoko Kisauni lililochapishwa kwa Kiingereza kisiwani liliweza kusomwa na mtu asiyewahi kuvuka maji, huku aliyekaa juu ya ardhi hiyo hana habari. Kwa hivyo swali la kwanza la mhakiki wa tangazo ni lile lile tunalolitumia katika fasihi: hadhira iliyokusudiwa ni ipi, na ni nani aliyeachwa nje yake?

Uchumi wa lugha

Hebu tuutazame mfano wetu:

NYUMBA YAUZWA. Magogoni. Vyumba sita, kisima, karibu na barabara. Bei ya kuelewana. Andika kupitia gazeti hili.

Tuanze na kitenzi. Katika neno yauzwa, kiambishi ngeli i- kimeungana na kiambishi cha wakati -a- na kuwa ya-. Kisha pana mzizi -uz-, kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa na kiishio -a. Sentensi nzima imo katika neno moja. Anayetozwa kwa neno hupata kiima, wakati na tendo kwa bei ya neno moja. Lugha za aina nyingine zingemlazimu kulipia maneno matatu au manne. Hapa sarufi ya Kiswahili ni rafiki wa mfuko, na mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi faida ya uambishaji hana haja ya kutafuta mfano wa mbali.

Wakati uliotumika, -a-, ndio huo huo unaotumika katika vichwa vya habari vya magazeti yetu. Hausemi jana wala kesho. Huifanya nyumba iwe katika hali ya kuuzwa tu, bila mwanzo wala sababu.

Kauli ya kutendwa nayo imemwondoa mtenda. Nyumba yauzwa, lakini na nani? Na mwenyewe, na warithi wasioelewana, au na mtu anayemdai mwenyewe? Anwani haisaidii kitu, kwa kuwa majibu yanapitia gazetini. Tukilinganisha na mbiu, tunaona kilichopotea ni uso wa mnenaji.

Kuna pia chuku. Maneno karibu na barabara hayasemi ni barabara gani wala karibu ni hatua ngapi. Tena maana yake hubadilika na wakati. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilijengwa mwaka wa 1931, na daraja linalotumika sasa lilifunguliwa mwaka wa 1980. Tangazo la kabla ya 1931 lililosifu nyumba ya Kisauni kuwa karibu na mji lilikuwa likimwahidi msomaji safari ya chombo. Maneno hayo hayo baada ya 1980 yanamwahidi gari. Mtahiniwa anayejadili muktadha wa tangazo bila kuangalia tarehe yake atapotoka.

Kimya kuhusu ardhi

Sasa tuje kwenye kiini. Tangazo limetaja vyumba, kisima na barabara. Halikutaja kiwanja. Je, ardhi inauzwa pamoja na nyumba?

Mombasa na viunga vyake vina desturi ya muda mrefu ijulikanayo kama nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba juu ya ardhi ya mwingine na kumlipa mwenye ardhi kodi ya mahali pale. Nyumba ni yake. Anaweza kuiuza, kuipangisha au kuirithisha. Ardhi si yake. Jambo hili halieleweki bila historia. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani apeleke madai yake yasajiliwe. Ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na maandishi, au waliojua njia ya kwenda ofisini, walipata hati. Wengi walioishi na kulima kwa mazoea ya jamii zao walijikuta wapangaji kwenye ardhi waliyoizoea, au wakaazi wasio na haki inayotambuliwa. Ukaaji wa aina hiyo uliendelea baada ya uhuru, na migogoro ya ardhi ya pwani ni miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa na Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2004.

Tukirudi kwenye tangazo letu tukiwa na maarifa haya, tunaona kwamba neno nyumba lina wasomaji wawili. Mzaliwa wa Mombasa akisoma nyumba yauzwa atauliza mara moja: na kiwanja je? Kwake, nyumba ni kuta na paa, na ardhi ni jambo la pili lenye mwenyewe. Kama ardhi ingekuwamo, angetarajia kusoma pamoja na kiwanja chake. Mgeni aliyetoka bara, ambako aliyenunua nyumba hudhani amenunua na palipo chini yake, hataona pengo lolote. Atalipa, atahamia, na siku moja atatokea mtu mwenye hati kudai kodi, au kumwambia abomoe.

Je, mwenye tangazo amesema uongo? La. Kila neno lake ni kweli. Hata hivyo msomaji mmoja ameonywa na mwingine amenaswa, na wote wawili wamesoma maneno yale yale. Hii ndiyo maana tunasema tangazo ni fumbo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Ila katika hali hii anayenaswa si mjinga. Ni mtu asiyeshiriki mazoea ya jamii iliyoandika. Katika isimu jamii tunafundisha kwamba maana ya neno hutegemea jamii inayolitumia. Ni vigumu kupata ushahidi wenye uzito kuliko huu.

Baadhi ya walimu wenzetu watasema tunalitwika tangazo mzigo usio wake: mwenye kuuza alifupisha ili kupunguza gharama, basi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Gharama inaeleza kwa nini maneno ni machache. Haielezi kwa nini yakabaki haya na yakaondoka yale. Kisima kimelipiwa, maneno mawili, bila kiwanja, hayakulipiwa. Uteuzi wa maneno ndio msingi wa mtindo, na tunapohakiki shairi hatukubali mshairi ajitetee kwamba mizani ilimzuia kusema. Huuliza: mbona ulichagua kuacha hili?

Nani anasema, nani hajibu

Kimya hakimo katika matangazo ya mali pekee. Magazeti ya Kenya yamezoea tangazo lenye picha ya mtu na maneno ya aina hii: Umma unajulishwa kwamba mwenye picha hii si mfanyakazi wetu tena, hatutahusika na shughuli zozote atakazofanya kwa niaba yetu. Hakuna kosa lililotajwa. Msomaji hulitunga mwenyewe, na aghalabu hutunga lililo kubwa. Mwenye picha hana nafasi ya kujibu ila anunue tangazo lake, na huenda mshahara alioupoteza ndio ambao ungelilipia. Katika uhakiki wa riwaya tungesema msimulizi ni mmoja na mhusika amenyimwa sauti.

Lakini uchache wa maneno si hila siku zote. Tazama huu: Amepotea mvulana wa miaka sita. Shati jeupe, kaptura ya kaki. Anajua kutaja jina la babake. Amwonaye ampeleke kituo cha polisi kilicho karibu. Hakuna neno la huzuni hata moja. Hata hivyo sentensi ya tatu inabeba uchungu wote, kwani mzazi anatueleza mambo mawili kwa pamoja: umri mdogo wa mtoto, na tegemeo pekee alilonalo la kumrudisha nyumbani. Mtahiniwa anayedai kwamba hisia katika maandishi hutokana na tamathali za usemi aulizwe ni tamathali gani iliyotumika hapo.

Tangazo la kukana

Jamii haikunyamaza mbele ya hatari hizi. Kenya nzima, pwani ikiwemo, mpita njia hukuta maandishi ya rangi kwenye kuta na mabati: Nyumba hii haiuzwi, au Kiwanja hiki hakiuzwi. Huu ni utungo wa kushangaza, kwa kuwa unatangaza kutokuwapo kwa biashara. Hueleweka tu kama jibu kwa tangazo jingine, ambalo tapeli amelitoa au anaweza kulitoa. Tazama viambishi vyake. Kile kiambishi cha ukanushi ha- ndicho ulinzi wote alionao mwenye mali. Tena kionyeshi hiki au hii kinafanya kazi ambayo gazeti haliwezi kuifanya, kwani maandishi yamebandikwa juu ya kitu chenyewe. Kwa namna fulani mbiu imerudi: tangazo liko pale pale palipo na jambo, na kila apitaye huliona bila kulinunua.

Hitimisho

Leo matangazo mengi yamehamia kwenye simu, na hayapiti tena mikononi mwa karani wa gazeti. Bei ya neno imeondoka, kimya kimebaki. Mwanafunzi wa Kisauni anayemsomea mzazi wake tangazo la nyumba anahitaji zaidi ya kujua kwamba kichwa huandikwa kwa herufi kubwa. Anahitaji kuuliza nani anauza, anauza nini hasa, na neno gani limekosekana. Tunapendekeza kwamba tangazo lifundishwe mara mbili: mara moja kama utungo wa kuandikwa, na mara ya pili kama matini ya kuhakikiwa, sambamba na shairi na hadithi fupi.

Maswali ya zoezi

1. Eleza jinsi kauli ya kutendwa inavyomficha mtenda katika matangazo ya kuuza mali.
2. Linganisha mbiu na tangazo la gazeti kwa kuzingatia hadhira na uwasilishaji.
3. "Tangazo laweza kuwa kweli na bado likapotosha." Jadili ukirejelea tangazo la nyumba ya Magogoni.
4. Liandike upya tangazo hilo kwa maneno yasiyozidi ishirini, ukihakikisha kwamba mnunuzi asiye mwenyeji hatapotoshwa kuhusu ardhi.