Mtihani wa Njiti za Kibiriti

Nimetunga mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini, na niliyoisahihisha ni mingi kuliko niliyoitunga. Kwa hiyo nisomapo habari za mtihani wowote, hata uwe wa waganga, huuliza lile tulilowauliza wanachuo wetu: je, unapima kile unachodai kupima?

Mtihani ninaouhakiki hapa ni ule wa ugonjwa wa kusahau uliotungwa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2014. Waliohusika ni wataalamu wa Hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza. Kabla yake walikuwa wamewapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta wapatao asilimia 6.4 wana maradhi hayo. Basi si maradhi ya Wazungu peke yao, kama tulivyozoea kujidanganya.

Kipimo kilichokuwa kikitumika duniani kote kilitoka Marekani mwaka 1975. Kinamtaka mzee aandike sentensi, anakili umbo kwa kalamu, atoe saba katika mia moja kisha aendelee kutoa saba. Mpe huo bibi wa Mazingara ambaye hajawahi kushika kalamu, naye anakumbuka wajukuu wote na madeni yote ya mahindi: atashindwa! Huo si mtihani wa ubongo, ni mtihani wa darasa la nne. Wale wa Hai waliweka kalamu kando wakachukua njiti za kibiriti. Mzee anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti, naye apange la kwake. Anatajiwa maneno, na baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi. Anataja wanyama kadiri awezavyo. Mtunzi wa mtihani aliyemjua mtahiniwa wake namvulia kofia.

Hata hivyo kila mtihani una mtahiniwa wake. Mwalimu mwenzangu mstaafu alipimwa maswali ya namna hii akapita vizuri, akaambiwa ni uzee tu. Mtu aliyekaririsha watoto orodha za maneno maisha yake yote atashindwaje na maneno machache? Lakini kila alfajiri huamka akitafuta ufunguo wa ofisi aliyoikabidhi miaka mingi iliyopita. Elimu ni akiba, na mwenye akiba huchelewa kuonekana amefilisika.

Mkewe alikuja kwangu. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa huu sasa hutambuliwa kwa maji ya uti wa mgongo, naye akataka kujua kama wauze ng'ombe ili mzee akachomwe sindano hiyo. Kipimo chenyewe ni cha kweli. Katika maji hayo protini iitwayo beta-amiloidi 42 hupungua, kwa kuwa hunaswa na kurundikana ubongoni. Nyingine, tau, huongezeka. Protini haijui nani alisoma na nani hakusoma, na hapo inaupita mtihani wangu wowote. Ila wapo wazee wenye dalili hizo za amiloidi ambao hawasahau chochote, na wengine hufa hivyo hivyo na akili zao timamu. Kwa hiyo maji peke yake hayatoi hukumu.

Halafu kuna woga. Huku kwetu sindano hiyo inajulikana kwa homa ya uti wa mgongo. Wengi hupelekwa wakiwa mahututi, wanachomwa, wanafariki, na lawama inaangukia sindano. Tumechanganya kinachotangulia na kinachosababisha, kosa ambalo hata wanachuo wa mwaka wa pili hulifanya.

Na majibu yakishapatikana? Dawa ya lecanemab, iliyopewa idhini kamili Marekani Julai 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa bado mchanga. Haimrudishi mtu alikotoka. Hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na ubongo hupigwa picha mara kwa mara kuangalia kama unavimba au unavuja damu. Mei 2025 huko huko Marekani kiliidhinishwa kipimo cha damu cha kusaidia kutambua dalili hizo za ubongoni, hivyo huenda sindano ya mgongo ikapata mpinzani kabla haijatufikia sisi wa Handeni na Korogwe.

Nilimshauri shemeji aanze na yale yanayotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, msongo mzito wa moyo. Hayo nayo huleta usahaulifu, na mengi hujulikana kwa damu na kwa mazungumzo marefu na mganga asiye na haraka. Ng'ombe asiwauze kwanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Sasa Mwalimu, na ule ufunguo? Akiutafuta kesho nimwambieje?"

Nilikuwa na ufunguo wa ghala bovu, kitasa chake kilishang'oka. Nikampa.