Kizingiti na Mteremko

Mwezi Juni wa mwaka 2022, kaya za kwanza zilizotoka Ngorongoro zilipofika Msomera, wilayani Handeni, ziliandaliwa nyumba 103 za vyumba vitatu vitatu, kila moja ndani ya kiwanja chake cha ekari kadhaa, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya ardhi na haki ya mtu kubaki au kuhama, mjadala ambao ulistahili kabisa kuwapo. Lakini leo natazama jambo dogo zaidi, ambalo kwa asiyeweza kutembea si dogo kamwe, nalo ni kimo cha sakafu kutoka ardhini.

Ujenzi wa namna ile hufuata ramani inayorudiwa, na hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: ramani ikipunja mlango inchi mbili, kosa hilo hujengwa mara mia na tatu, na ikipatia, rehema yake huenea vivyo hivyo. Mafundi wetu aghalabu huinua msingi kwa kuhofia maji ya masika. Tuseme wameuinua sentimita 45: kwa kipimo kinachokubalika cha mteremko, yaani moja kwa kumi na mbili, njia ya kitimwendo yataka urefu wa mita 5.4. Katika kiwanja cha Msomera urefu huo wapatikana bila taabu.

Mjini ni shida. Nimeona Korogwe, kwenye nyumba moja ya watumishi, mteremko wa zege uliomwagwa baadaye juu ya ngazi tatu, urefu wake hatua mbili tu, kwa kuwa mbele yake ni ukuta wa jirani. Mpangaji, mama aliyepooza miguu, hupandishwa na mwanawe aliyeinama kama asukumaye mkokoteni uliokwama matopeni, na wakati wa kushuka hugeuzwa kinyumenyume, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Ndani namo mna hisabu yake: mlango uachie nafasi wazi ya sentimita 80 kwa uchache, choo kiwe cha kukalia, na pawepo mita 1.5 za kugeukia. Hata maji ya Handeni, yanayosukumwa kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, hayamfai mtu ambaye bomba lake limesimamishwa nyuma ya nyumba, kwenye mchanga unaomeza magurudumu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na sensa ya 2022 ikaonyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na zaidi wana ulemavu. Basi mtu mwenye ulemavu si mgeni wa nadra.

Wahandisi wa Handeni na Korogwe, nawasihi: kabla ramani ijayo haijagongwa muhuri, mwiteni mtu wa kitimwendo kwenye nyumba ya kwanza, aingie mwenyewe hadi chooni, ndipo zijengwe nyingine.